Je, pawasaplai ya Gold itapunguza bili yangu ya umeme?

Swali: "Nina kompyuta ya mezani niliyoiunga mwenyewe. Pawasaplai yake ni ya wati 500, ina alama ya Bronze, na haijawahi kunisumbua. Rafiki yangu anayeuza vifaa ananihimiza niitoe niweke ya Gold, au nikiweza kabisa Titanium. Anasema bili ya umeme itashuka mpaka pesa niliyotoa irudi yenyewe. Siku za kazi naitumia kama saa tano, kuandika na kuperuzi intaneti. Wikendi nacheza michezo mizito saa nne hivi kwa siku. Ni kweli asemayo? Na je, kuna haja ya kuzima ile swichi ya nyuma kila ninapomaliza?"

Jibu:

Ndugu yangu, iache hapo ilipo. Kwa matumizi uliyoyaeleza, pawasaplai ya Gold itakuokolea uniti 12 au 13 kwa mwaka mzima, na Titanium kama 22. Uniti moja ni kilowati-saa moja, ile ile inayohesabiwa na mita yako. Nitakuonyesha nilikozipata namba hizo ili uweze kuzirudia mwenyewe, kwa sababu rafiki yako hakukosea kila kitu. Bronze, Gold na Titanium ni ngazi za ufanisi wa pawasaplai, na kweli Gold inapoteza umeme kidogo kuliko Bronze. Kilichomponyoka ni ukubwa wa hicho kinachookolewa.

Kazi ya pawasaplai ni kupokea mkondo geu kutoka kwenye soketi, wa volti 230 au 115 kutegemea nchi, na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3 ambao prosesa, kadi ya picha na diski zinaweza kuutumia. Katika kugeuza huko sehemu ya umeme hupotea ikawa joto, ndilo lile unalolihisi ukiweka mkono nyuma ya feni yake. Ufanisi ni uwiano kati ya kinachotoka na kilichoingia. Vifaa vya ndani vikihitaji wati 100 na ufanisi ukiwa asilimia 85, soketi itatoa wati 117.6. Hizo 17.6 za juu ndizo zilizopotea.

Hapo ndipo pa kushika. Pawasaplai bora inaweza kupunguza zile 17.6 peke yake. Zile 100 hazigusi, kwa maana ni mahitaji ya prosesa na kadi ya picha. Ukipanda hadi asilimia 90, soketi itatoa 111.1. Umeokoa wati 6 na nusu, pungufu ya balbu moja ya LED ya kawaida. Hata angetokea fundi akakutengenezea pawasaplai isiyopoteza chochote, jambo lisilowezekana, ungeokoa 17.6 basi.

Kabla sijaenda mbali, niondoe kosa moja ninaloliona mara kwa mara, hata kwa watu wanaojua kompyuta vizuri. Namba ya wati iliyoandikwa kwenye boksi ni kiwango cha juu ambacho pawasaplai inaweza kutoa. Haisemi inakula kiasi gani. Ya wati 750 ikiwekwa kwenye kompyuta inayohitaji wati 60 itatoa wati 60. Kwa hiyo kununua ndogo kwa kudhani itapunguza bili, au kuiogopa kubwa kwa kudhani itaipandisha, vyote vinatokana na kusoma vibaya namba hiyo. Ukubwa una athari kwenye ufanisi, lakini kwa njia nyingine nitakayoieleza baadaye kidogo.

Alama hizi zilitoka wapi? Ni za mpango wa kuthibitisha ufanisi uitwao 80 PLUS, ulioanza mwaka 2004 nchini Marekani, wakati pawasaplai nyingi za kompyuta zilikuwa na ufanisi wa asilimia 60 hadi 70 tu. Fikiria hilo: karibu theluthi moja ya umeme uliolipiwa ulikuwa unapasha joto sanduku la chuma. Sharti la kwanza lilikuwa rahisi, yaani ufanisi usipungue asilimia 80 pawasaplai ikibeba asilimia 20, 50 na 100 ya uwezo wake. Mwaka 2008 zikaongezwa ngazi za Bronze, Silver na Gold, kisha zikafuata Platinum na Titanium. Katika nusu ya uwezo, kwenye kipimo cha volti 115, Bronze inatakiwa kufika asilimia 85, Gold 90, Platinum 92 na Titanium 94. Kwenye umeme wa volti 230 pawasaplai ile ile kwa kawaida hufanya vizuri zaidi kwa asilimia moja au mbili, lakini kwa kuwa ngazi zote hupanda pamoja, tofauti kati yao hubaki karibu vile vile.

Mwaka 2006 Urs Hölzle na Bill Weihl wa Google waliandika makala fupi wakidai pawasaplai zibuniwe upya, zitoe volti 12 pekee. Walikadiria kwamba kompyuta milioni 100 zinazofanya kazi saa nane kwa siku zingeokoa kilowati-saa bilioni 40 katika miaka mitatu. Gawanya uone: ni uniti 400 kwa kila kompyuta, yaani takriban 133 kwa mwaka. Kwa wakati ule hesabu yao ilikuwa na msingi, kwa sababu walikuwa wanalinganisha na vifaa vibovu vya siku zile. Nadhani sifa ya "pawasaplai inaokoa pesa" ilizaliwa katika miaka hiyo na imeendelea kusimuliwa huku mazingira yakiwa yamebadilika. Faida kubwa ilikuwa kutoka asilimia 65 kwenda 80. Kwa mzigo wa wati 100, hatua hiyo ilishusha matumizi kutoka wati 154 hadi 125. Kutoka Bronze kwenda Gold ni wati 6 na nusu, na kutoka Gold kwenda Platinum ni wati 2 na nusu hivi. Kila ngazi mpya inagharimu zaidi na kuokoa kidogo kuliko iliyotangulia. Wewe uko Bronze, ambako sehemu kubwa ya faida umekwisha kuipata.

Sasa tuje kwenye kompyuta yako. Sina namba zake halisi, basi nitachukua makadirio yanayolingana na kompyuta ya aina hiyo, nawe utaweka zako. Tuseme vifaa vya ndani vinahitaji wati 60 unapoandika na kuperuzi, na wati 250 unapocheza.

Siku za kazi ni saa tano mara siku 260, jumla saa 1,300. Wati 60 ni asilimia 12 ya uwezo wa pawasaplai yako, na chini huko ufanisi hushuka, kwa hiyo nitaikadiria Bronze kwa asilimia 80, Gold 85 na Titanium 90. Soketi itatoa wati 75 kwa Bronze, 70.6 kwa Gold na 66.7 kwa Titanium. Kwa mwaka Gold inakuokolea uniti 5.7, Titanium 10.8.

Wikendi ni saa nne mara siku 104, jumla saa 416. Wati 250 ni nusu kamili ya uwezo, mahali ambapo pawasaplai hufanya kazi vizuri kabisa. Soketi itatoa wati 294 kwa Bronze, 278 kwa Gold na 266 kwa Titanium. Kwa mwaka Gold inaokoa uniti 6.8, Titanium 11.7.

Jumlisha: Gold uniti 12.5, Titanium 22.5. Kompyuta nzima kwa sasa inakula kama uniti 220 kwa mwaka, hivyo Gold inapunguza chini ya asilimia 6 ya matumizi ya kompyuta, na ndani ya bili ya nyumba yenye friji, pasi na jiko huenda usiione kabisa.

Kama unataka kujua pesa itarudi lini, kuna njia ambayo haijali uko nchi gani. Chukua bei ya pawasaplai unayoshawishiwa kununua, uigawe kwa bei ya uniti moja kwenye risiti yako ya umeme. Jibu ni idadi ya uniti unazotakiwa kuokoa ili pesa irudi. Likitoka 300, kwa mfano, na unaokoa 12.5 kwa mwaka, ni miaka 24. Pawasaplai nzuri hupewa dhamana ya miaka mitano hadi kumi. Hakuna ubishi hapo.

Hesabu inageuka kwa mtu anayeunga kompyuta mpya, na tofauti hii wauzaji wengi huipita. Yeye lazima anunue pawasaplai kwa vyovyote vile, kwa hiyo anachotakiwa kurudisha ni tofauti ya bei kati ya Bronze na Gold. Ikiwa tofauti hiyo ni sawa na bei ya uniti 60, ataimaliza katika miaka mitano hivi kwa matumizi kama yako. Hapo namwambia achukue Gold bila kusita. Wewe tayari unayo inayofanya kazi, na kuitoa ni kulipa bei yote kwa ajili ya tofauti ndogo.

Nirudi kwenye ukubwa, kama nilivyoahidi. Pawasaplai yoyote ina upotevu usiobadilika, yaani umeme unaotumika kuendesha saketi zake za ndani hata mzigo ukiwa mdogo. Mzigo ukiwa mkubwa upotevu huo hauonekani, ukiwa mdogo unakuwa sehemu kubwa ya yote. Ndiyo maana ufanisi huporomoka pawasaplai inapobeba chini ya asilimia 20 ya uwezo wake. Vipimo vya 80 PLUS kwa ngazi nyingi huanzia hapo hapo kwenye asilimia 20. Kati ya ngazi nilizozitaja, Titanium peke yake ndiyo yenye sharti la asilimia 10, ambapo inatakiwa kufika asilimia 90. Chukua Gold ya wati 1,000 uiweke kwenye kompyuta inayotumia wati 50 muda mwingi wa siku. Inabeba asilimia 5 ya uwezo, eneo ambalo alama ya Gold haikuahidi kitu, na Bronze ya wati 450 inaweza kuwa sawa nayo au kuishinda. Rafiki yako akikuuzia kubwa kupita kiasi "kwa ajili ya baadaye", anakupunguzia hata hizo uniti chache. Kuna alama nyingine ya Cybenetics, kampuni ya kupima pawasaplai, ambao hupima katika viwango vingi zaidi vya mzigo. Ukiona ripoti yao ya pawasaplai unayoitaka, isome sehemu ya mzigo mdogo, maana kompyuta nyingi za nyumbani huishi huko.

Wazo lile la volti 12 pekee, kwa njia, halikufa. Intel walilileta tena katika muundo uitwao ATX12VO, ambao unahamishia ubadilishaji wa volti nyingine kwenye ubaomama, na lengo lake kubwa ni huo huo upotevu wa mzigo mdogo. Kwa anayeunga kompyuta mwenyewe bado si rahisi kuupata, kwa hiyo siushauri kwako.

Lakini kama shabaha yako ni kupunguza matumizi, na naamini ndiyo, kuna mambo mawili yasiyohitaji kununua kitu, na yote yanaishinda Titanium.

La kwanza ni kuacha kompyuta ikiwaka bila kazi. Hukusema kama unaiacha usiku, lakini wengi huiacha ikipakua faili, au kwa uvivu tu wa kusubiri iwake asubuhi. Kompyuta yako ikikaa wati 75 kwa saa nane za usiku, kila siku, inakula uniti 219 kwa mwaka. Ni sawa na matumizi yako yote ya kazi na michezo kwa pamoja! Ukiiweka ilale, itatumia wati mbili au tatu, na inaamka kwa sekunde chache. Ingia kwenye mipangilio ya nishati, uiambie ilale yenyewe baada ya dakika 15 au 20, na skrini ijizime baada ya dakika tano. Skrini kubwa inaweza kula wati 20 hadi 40, na haipitii kwenye pawasaplai yako kabisa, hivyo hakuna Gold itakayoisaidia.

La pili ni michezo. Kadi ya picha, isipozuiliwa, huchora fremu, yaani picha moja moja za mchezo, nyingi kadiri inavyoweza, hata kama skrini yako inaonyesha 60 tu kwa sekunde. Hizo za ziada huzioni, lakini umeme wake unaulipia. Weka kikomo cha fremu kilingane na skrini, au shusha kikomo cha nguvu cha kadi kidogo kwenye programu yake. Ukifanikiwa kupunguza wati 50 ndani ya kompyuta, kwa pawasaplai yako ya sasa ni karibu wati 59 kwenye soketi, na kwa saa zako 416 ni uniti 24 na nusu. Umeipita Titanium bila kutoa pesa, na feni zitapunguza kelele.

Wapo watu ambao ningewaambia kinyume na ninavyokuambia wewe. Mtu mwenye seva inayobeba wati 200 mchana na usiku anatumia saa 8,760 kwa mwaka. Kwake kutoka asilimia 85 hadi 92 ni uniti 157 kwa mashine moja. Akiwa nazo kumi ni uniti 1,570, na hapo Platinum ni uamuzi wa busara ambao ningemshauri aufanye leo. Chumba chenye kiyoyozi nacho kina hesabu yake: kila wati inayopotea ni joto ambalo kiyoyozi lazima kilitoe nje, na hilo hugharimu takriban theluthi moja ya wati juu yake. Penye baridi joto hilo halipotei bure, linasaidia kupasha chumba. Na anayetumia betri na paneli za jua hapimi kwa bili. Wati sita kwa saa tano ni wati-saa 30 zinazobaki kwenye betri kila jioni, na betri huwa ghali kuliko umeme wa gridi.

Huenda ukasikia pia kwamba pawasaplai yenye PFC inapunguza bili. PFC hurekebisha jinsi pawasaplai inavyovuta mkondo ili nyaya zisibebe mkondo mwingi kuliko unaofanya kazi. Ni kitu kizuri, na 80 PLUS inaidai. Ila mita za kawaida za nyumbani huhesabu kilowati-saa, yaani nishati iliyofanya kazi, na hiyo PFC haiibadilishi. Faida yake utaiona kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) au jenereta, kwa sababu vyombo hivyo hupimwa kwa volti-ampea na hujaa haraka visipopata mzigo wenye PFC. Na kwa kuwa mita ya nyumbani haihesabu marekebisho hayo, vile visanduku vinavyouzwa vichomekwe kwenye soketi "vipunguze bili" usivinunue.

Kabla hujaamua, azima au nunua kipimo cha wati cha kuchomeka kati ya soketi na kompyuta. Pima ukiandika, pima ukicheza, pima ikiwa imelala, kisha weka namba hizo mahali pa zile zangu. Nilipopima yangu kwa mara ya kwanza nilishangaa jinsi inavyotumia kidogo wakati wa kuandika, na tangu siku hiyo siamini makadirio ya mtu yeyote kabla ya kipimo, yangu mwenyewe yakiwemo.

Siku Bronze yako itakapokufa, au ikianza kuzima kompyuta ghafla, kunuka au kulia, ibadilishe mara moja. Wakati huo chukua Gold ya wati 550 au 650 kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana. Hakiki kwamba jina na modeli vimo kwenye orodha ya wazi ya 80 PLUS, kwa kuwa alama za kubandika zisizo na cheti zipo. Utakuwa unalipia kapasita bora (vijenzi vya ndani vinavyohifadhi chaji), joto pungufu na dhamana ndefu, na kwangu hizo ni sababu nzito kuliko bili. Ukiibadilisha, badilisha na nyaya zake zote. Nyaya za kuchomoka za pawasaplai moja mara nyingi hazipangwi sawa na za nyingine hata kama plagi zinaingia, na diski huungua kwa kosa hilo. Na ile ya zamani usiifungue: kapasita zake hubaki na umeme wa hatari hata ikiwa imechomolewa.

Kuhusu swichi ya nyuma: kanuni za Umoja wa Ulaya zinabana umeme ambao kompyuta iliyozimwa inaweza kutumia, na kwa pawasaplai nyingi za kisasa ni kama nusu wati hivi. Nusu wati mwaka mzima ni uniti 4.4. Ukipenda izime, haina madhara. Ila radi ikikaribia swichi hiyo haitoshi: chomoa waya kwenye soketi, na ule wa mtandao pia.